Kununua Skrambla Iliyotumika Hapa Mombasa Unaporudi Barabarani Baada ya Miaka Mingi

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu maswali ni yale yale na wanaouliza wanafanana: mtu aliendesha skrambla, yaani pikipiki ya njia za vumbi, ujanani, akaiuza alipoanza kulea familia, na sasa watoto wamekua na vumbi la njia za Rabai na Kinango linamwita tena. Huuliza achukue injini ya ukubwa gani, kama atafute aina ile ile aliyokuwa nayo, na kama pikipiki iliyoishi Pwani inafaa kununuliwa. Mimi nilirudi baada ya miaka 11, nikanunua kwa kufuata kumbukumbu nikausahau mwili niliokuwa nao, na pikipiki hiyo ndefu ikanilalia mguuni nikiwa nimesimama tu kwenye mteremko wa Mazeras, kwa sababu upande wa chini wa mteremko unyayo wangu haukufika ardhini. Ningependa wewe usilipie somo hilo kwa kifundo cha mguu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Hakikisha leseni yako ya udereva haijaisha muda na kwamba ina daraja la pikipiki, kwa maana wengi wetu tumekuwa tukihuisha leseni kwa ajili ya gari bila kuangalia madaraja yaliyoandikwa.

Gawa fedha zako kabla hujaona pikipiki yoyote. Robo nzima ya fedha hizo iwekwe kando kwa ajili ya matairi, cheni, beringi, mafuta na kazi ya fundi, na fungu jingine liwe la mavazi. Helmeti uliyoihifadhi kabatini tangu zamani usiitegemee. Joto na unyevu wa Mombasa huharibu sponji na gundi, na hata ganda likionekana zima, kilichomo ndani kimechoka. Nunua helmeti mpya, buti ndefu zinazoshika kifundo, glavu na vilinda magoti. Koti la kuakisi mwanga nalo ni la lazima kisheria, sawa na helmeti, pindi unapoingia barabara ya umma.

Siku ya ukaguzi beba tochi, kitambaa cheupe, spana chache pamoja na ile ya plagi, mita ya kupimia volti, na kreti tupu ya soda ya kuinulia pikipiki. Ukiweza, nenda na fundi ambaye hana uhusiano wowote na muuzaji. Mlipe siku yake hata msiponunua kitu, ili asione kwamba riziki yake inategemea wewe kusema ndiyo.

Hatua

1. Pima mwili wako, kisha pima safari zako. Vaa buti, simama kando ya ukuta, na upime urefu wa mguu kutoka ardhini hadi mahali mapaja yanapokutana. Kipimo hicho kiandike. Honda CRF250L ina kiti chenye urefu wa milimita 875, Suzuki DR-Z400S milimita 935, na Yamaha TT-R125 yenye magurudumu makubwa milimita 805. Anayerudi baada ya miaka mingi ajipe nafasi ya kuweka walau unyayo mmoja wote chini bila kunyanyua nyonga kutoka kitini. Baada ya hapo jiulize kwa ukweli utakwenda wapi. Mtu anayeishi Likoni na kutaka kuzunguka njia za Kwale kila Jumamosi atapita kwenye lami kwa muda mrefu kuliko kwenye vumbi, kwa hiyo anahitaji taa, namba za usajili na kiti cha kuvumilika, tofauti na mtu ambaye pikipiki yake itabebwa kwa pikapu hadi kwenye uwanja wa mazoezi.

2. Chagua aina kabla ya kuchagua jina. Kuna pikipiki za mashindano, kuna zilizotengenezwa kwa barabara na vumbi pamoja, na kuna za kazi za mashambani. Pikipiki ya mashindano, kama Yamaha YZ250F, ni nyepesi na ina nguvu za ghafla, lakini haina taa, na huduma zake huhesabiwa kwa saa za kuendeshwa badala ya kilomita. Pistoni yake ni kifaa cha kubadilishwa kila baada ya makumi ya saa. Nyingi za aina hiyo hazina feni kwenye rejeta, kwa hiyo ukiipeleka kwenye foleni ya feri ya Likoni saa saba za mchana itachemka kabla geti halijafunguliwa. Simshauri mtu anayerudi aanze nayo, hata kama ndiyo aliyoiendesha akiwa na miaka 22.

   Zile za barabara na vumbi, kama CRF250L na DR-Z400S, zina feni, taa na vipindi virefu vya huduma. Hizo ndizo ninazozipendekeza kwa wengi, na injini ya cc 200 hadi 250 inamtosha mtu mzima kupanda kutoka Mazeras hadi Kaloleni bila kujihisi mnyonge. Za mashambani, mathalani Yamaha AG200, hazina haraka, lakini cheni yake imefunikwa kabisa, jambo ambalo katika nchi ya mchanga na chumvi lina thamani kubwa kuliko watu wanavyodhani. Yamaha DT ya mipigo miwili bado inapatikana na wenye mapenzi nayo hawaiachi. Inunue tu ikiwa una fundi anayeijua na umekubali kazi ya kuchunga mafuta ya 2T, yale yanayoungua pamoja na petroli huku yakilainisha injini, kwa sababu injini ya mipigo miwili ikikosa mafuta hayo hushika bila kukupa onyo.

3. Chunguza hati ukiwa bado nyumbani. Mwombe muuzaji namba ya usajili, kisha ufanye utafutaji wa rekodi za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kupitia tovuti ya serikali ya eCitizen. Jina la mmiliki, namba ya fremu na namba ya injini ndivyo utakavyolinganisha na chuma chenyewe. Ukiambiwa kwamba logibuku, yaani hati ya umiliki, iko kwa ndugu, au iko benki, au itatoka wiki ijayo, mwambie muuzaji kwa adabu kwamba utarudi itakapopatikana. Uangalifu zaidi unahitajika kwa pikipiki zilizoletwa na wageni wakaondoka bila kuzilipia ushuru, pamoja na zile za mashindano ambazo hazikusajiliwa kamwe. Hizo za pili unaweza kuzinunua kwa ajili ya uwanja wa faragha, ukipewa hati za forodha na mkataba wa mauziano, lakini usidanganyike kwamba utazisajili baadaye kwa urahisi.

4. Omba pikipiki isiwashwe kabla hujafika. Sema hivyo kwenye simu, na ukifika weka kiganja karibu na ekzosi kabla ya salamu kuwa ndefu. Injini iliyopashwa moto huficha ugonjwa wa vali, wa kabureta na wa mgandamizo, na yote hayo hujitokeza injini ikiwa baridi. Ukikuta ni ya moto, kunywa chai, subiri ipoe kabisa. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

5. Tafuta chumvi. Hapa ndipo ukaguzi wa Mombasa unapotofautiana na wa Nairobi, na hapa ndipo nakusihi usiwe na haraka. Pikipiki iliyolala barazani Nyali au Shanzu miaka mitatu bila kuendeshwa inaweza kuwa imeliwa zaidi ya ile iliyofanya kazi kila siku huko Mariakani. Ivue siti uangalie viungio vya nyaya: kutu ya kijani ndani ya soketi maana yake umeme utakusumbua mwaka mzima. Angalia spoki mahali zinapoingia kwenye rimu, kwa sababu nati zake hushikana na kutu na spoki hukatika badala ya kukazwa. Unga mweupe kwenye aluminiamu ya injini na ya rimu ni kutu ya aluminiamu inayoletwa na chumvi. Ukiwa kwa juu tu husuguliwa ukaisha, lakini ukiacha vishimo karibu na mahali ambapo beringi hukaa, achana na pikipiki hiyo.

   Mimina mwanga wa tochi ndani ya tangi. Kutu ya kahawia chini ya petroli itasafiri hadi kwenye kabureta kila unapopiga kona. Kisha pitisha ukucha kwenye mirija ya foki za mbele, juu na chini, mbele na nyuma. Kishimo kidogo cha kutu kinachoshika ukucha kitakata oilsili mpya, mpira unaozuia mafuta ya foki kuvuja, ndani ya wiki chache, na mirija mipya ni ghali. Mwisho, muulize muuzaji kama pikipiki imewahi kuendeshwa ufukweni. Ikiwa atajibu kwa fahari kwamba huipeleka kwenye maji kila Jumapili, mshukuru kwa ukweli wake, kisha ukague beringi zote mara mbili.

   *Tahadhari:* rangi mpya inayong'aa kwenye fremu ya pikipiki ya miaka 15 ni swali linalohitaji jibu. Kwaruza kidogo pembeni, kwa ruhusa, uone kama chini kuna chuma kilichosafishwa au kutu iliyofunikwa.

6. Kagua fremu, magurudumu na beringi. Namba ya fremu huwa imegongwa kwenye shingo, mahali usukani unapopita. Herufi zisiwe zimesagwa wala kugongwa upya. Tafuta nyufa kwenye shingo hiyo, kwenye vikanyagio na mahali shoki ya nyuma inapofungwa. Weka kreti chini ya injini ili gurudumu la mbele liinuke, uzungushe usukani taratibu kutoka upande mmoja hadi mwingine. Ukihisi unanasa katikati, beringi za shingo zimekwisha. Shika gurudumu la mbele juu na chini ulitikise, ufanye vivyo hivyo kwa la nyuma, halafu uvute mkono wa nyuma wa fremu unaoshika gurudumu, kulia na kushoto. Nyanyua pikipiki kwa kushika nyuma ya siti: mgongano mdogo unaosikika kabla shoki haijaanza kunyooka unatoka kwenye beringi za viungo vya shoki, ambazo watu wengi hawazipaki grisi kamwe.

   Gonga kila spoki kwa spana. Zilizokaza hulia kwa sauti inayokaribiana, iliyolegea hutoa sauti butu. Vuta cheni kwenye sproketi ya nyuma. Ikiachana na meno hadi ukaona nafasi, na meno yenyewe yakiwa yamepinda kama ndoana, hesabu gharama ya seti nzima. Kwenye tairi, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2318 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Tairi lenye meno mazuri lakini mpira mkavu uliopasuka halina kazi.

7. Angalia vimiminika. Mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa yameingiwa na maji, na hiyo ni sili ya pampu ya maji au gasketi. Fungua chujio la hewa na upitishe kitambaa cheupe ndani ya mrija unaoelekea kwenye injini. Hii ndiyo dakika moja yenye faida kubwa kuliko zote katika ukaguzi wako, kwa maana vumbi likionekana upande huo wa ndani, silinda na pistoni zimekuwa zikisagwa, haidhuru muuzaji anakuambia nini.

8. Washa injini ikiwa baridi. Kama ina kiki, ibonyeze kwa mguu polepole kwanza, inapaswa kukupinga. Kwa injini ya kabureta tumia choki, na isihitaji zaidi ya majaribio machache. Skrambla ya mipigo minne inayokataa kuwaka ikiwa baridi mara nyingi ina vali zilizobana, na kuzirekebisha si kazi ya bei rahisi. Moshi wa bluu usiokoma kwenye mipigo minne ni mafuta yanayoungua. Mweupe mzito wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Mweusi ni petroli iliyozidi. Injini ya mipigo miwili itatoa moshi mwanzoni, hilo ni la kawaida, mradi upungue ikishapata moto. Unganisha mita kwenye betri na uipe injini mafuta kiasi kwa kuzungusha mpini wa kulia: volti zipande hadi kati ya 13.5 na 14.5.

9. Iendeshe, ukiwa umejiandaa. Usifanye jaribio hili liwe mara yako ya kwanza kukaa juu ya pikipiki baada ya miaka 15. Wiki moja kabla, azima pikipiki ndogo ya rafiki, tafuta uwanja tulivu, urudie klachi, breki na kugeuka pole pole hadi mikono ikumbuke. Siku ya jaribio panda gia zote, na ukiwa gia ya pili na ya tatu fungua mafuta kwa nguvu: gia ikiruka na kurudi nyutro, gia boksi inahitaji kufunguliwa. Ukiwa gia ya juu kwa mwendo wa chini, fungua mafuta. Sauti ikipanda bila mwendo kuongezeka, klachi inateleza. Achia usukani kidogo tu kwenye barabara iliyonyooka, na ukihisi pikipiki inavuta upande, fremu au foki zimepinda.

10. Elewana bei kwa orodha. Andika ulichokiona, weka gharama ya kila kipuri, na uonyeshe muuzaji karatasi hiyo bila kumvunjia heshima. Amana ndogo isitolewe bila hati ya maandishi, na salio lote lilipwe baada ya muuzaji kuanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA ukiwa hapo, wewe ukaukubali kwenye yako. Fomu zilizosainiwa tu na ahadi ya kwamba mtakutana Jumatatu zimewaacha watu wengi na pikipiki isiyo yao. Bima ya kuwalinda watu wengine ikatwe kabla hujaitoa barabarani.

11. Wiki ya kwanza usiende mbali. Badilisha mafuta ya injini, chujio la hewa, plagi, maji ya breki na maji ya rejeta, hata ukiambiwa yamebadilishwa juzi. Paka grisi kila beringi inayofikika. Baada ya hapo jizoeshe kuiosha kwa maji baridi ya bomba kila unaporudi, kuikausha, na kupuliza mafuta mepesi kwenye bolti na viungio, ukiepuka diski za breki.

Matatizo yanayojitokeza mara kwa mara

*Inawaka, lakini inakohoa ukifungua mafuta.* Kama ni ya kabureta na ilikaa muda mrefu, jeti zimeziba. Isafishwe, lakini tangi lisafishwe kwanza, kwani vinginevyo utarudi kwa fundi baada ya siku mbili.

*Inachemka njiani.* Angalia kiwango cha maji ikiwa imepoa, kisha uangalie matope kati ya mapezi ya rejeta, halafu feni. Usifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto.

*Mbele inayumba kwenye mchanga.* Mara nyingi si ubovu wa pikipiki. Punguza upepo wa matairi hadi karibu na PSI 15, simama juu ya vikanyagio, rudisha uzito nyuma kidogo na uendelee kutoa mafuta kwa usawa. Mkono ukiogopa na kufunga mafuta, gurudumu la mbele linajichimbia. Rudisha upepo kabla ya kushika lami.

*Nyuma imezama sana ukikaa.* Ukipanda na mavazi yako yote, shoki ishuke takribani theluthi moja ya safari yake. Ikizidi, kaza springi, na ikishindwa kabisa, springi hiyo iliwekwa kwa mtu mwepesi kuliko wewe.

*Mikono inakufa ganzi baada ya dakika kumi.* Unaukaba usukani. Bana tangi kwa magoti, legeza vidole, na usogeze mikono ya klachi na breki chini kidogo ili vifundo vya mkono vinyooke ukiwa umesimama. Katika mwezi wa kwanza pumzika kila baada ya nusu saa, hata kama wenzako hawajachoka.

*Umeme unakatika kila mvua za masika zinapoanza.* Fungua kila kiungio, safisha kwa brashi na dawa ya kusafishia umeme, paka grisi isiyopitisha umeme, na anza na kile kilicho chini ya usukani, ambapo nyaya hujikunja kila unapogeuka.